Pampu ya diaframu ikisumbua: soma dalili kwanza, kisha chagua seti ya vipuri

Seti nyingi za vipuri vya pampu za diaframu hununuliwa kwa kutaja ukubwa peke yake: "ya inchi moja". Pampu inafungwa upya, inafanya kazi kwa muda mfupi, kisha kimiminika kinaanza tena kutoka kwenye eksozi ya hewa. Mara nyingi fundi hana kosa. Seti iliyonunuliwa ilikuwa ya mpira uleule ambao kimiminika kilikuwa kimeshaula, au ilikuwa ya upande wa kimiminika ilhali ugonjwa ulikuwa upande wa hewa. Seti sahihi hupatikana kwa kusoma vitu vitatu kwa mpangilio: dalili pampu ikiwa bado imefungwa, kidonda kwenye kipuri kilichokufa, na bamba la namba lililo kwenye mwili wa pampu. Ukianza na bamba peke yake utapata seti inayoingia vizuri, lakini huenda isidumu.

Maelezo haya yanahusu pampu za diaframu mbili (utando unaonyumbulika kusukuma kimiminika) zinazoendeshwa kwa hewa ya kompresa. Pampu za diaframu zenye oili, kama zile za kunyunyizia dawa, zimewekwa mwishoni kwa sababu dalili zake ni tofauti.

Upande wa kimiminika na upande wa hewa

Upande wa kimiminika una diaframu 2, gololi 4, vikalio 4 vya gololi, na oringi (pete za kuzuia kuvuja) zake. Gololi mbili za chini huachia kimiminika kuingia, mbili za juu huachia kutoka. Katikati ya pampu ndipo ulipo upande wa hewa: valvu kuu yenye spuli (kipande kinachoteleza ndani yake) inayogawa hewa kushoto na kulia, valvu ndogo ya kuongoza inayosukumwa diaframu inapofika mwisho wa mwendo wake, shafti inayounganisha diaframu zote mbili, na sili zinazoizunguka shafti hiyo.

Watengenezaji huuza seti ya kila upande kwa namba yake. Seti ya upande wa kimiminika kwa kawaida huwa na diaframu, gololi, vikalio au oringi za vikalio, na oringi za manifoldi (njia za kuingizia na kutolea kimiminika, chini na juu ya pampu). Kama diaframu ni za PTFE (plastiki inayojulikana sana kwa jina la Teflon), lazima ziwepo pia diaframu 2 za mpira za kukaa nyuma yake, isipokuwa pale ambapo PTFE na mpira vimeunganishwa kiwandani kuwa kipande kimoja. Seti ya upande wa hewa ina sili na oringi za spuli, gasketi, vipini vya valvu ya kuongoza, na mara nyingine grisi. Shafti, sahani zinazobana diaframu, bolti na eksozi mara nyingi haviko kwenye seti yoyote kati ya hizo mbili, kwa hiyo vikague mapema ili pampu isibaki wazi mezani ikisubiri kipuri kimoja.

Vipimo vitatu kabla ya kushika spana

Cha kwanza ni presha ya hewa kwenye mlango wa pampu, huku pampu ikifanya kazi. Geji iliyo kwenye kompresa haikuambii kitu hapa. Ikiwa geji ya mlangoni inasoma bari 6 pampu ikiwa imesimama, kisha inaanguka hadi bari 2 inapoanza kupiga, basi hosi ni nyembamba, filta imeziba au kidhibiti presha ni kidogo. Hakuna seti ya vipuri itakayotibu hilo. Kumbuka pia kwamba katika pampu nyingi za aina hii uwiano ni 1:1, yaani presha ya kimiminika haiwezi kuzidi presha ya hewa. Kila mita 10 za kupandisha maji hula karibu bari 1 kabla ya kuhesabu msuguano wa bomba. Kwa hewa ya bari 3, pampu nzima kabisa itasimama ikidaiwa kupandisha maji mita 35, na haina kosa lolote.

Cha pili ni kufunga valvu ya kutolea. Shusha hewa hadi bari 2 au 3, hakikisha bomba linahimili presha hiyo, kisha funga polepole. Pampu nzima husimama na kunyamaza. Ikiendelea kupiga taratibu ilhali kimiminika hakina pa kwenda, ujue kinarudi nyuma kupitia gololi na vikalio, au kinavuja mahali. Ikisimama lakini hewa inaendelea kupuliza kwenye eksozi bila kukoma, hewa inapita ndani ya valvu kuu au kwenye sili za shafti. Kipimo hiki kimoja hutenganisha upande wa kimiminika na upande wa hewa, na ndicho kinachorukwa mara nyingi kuliko vyote.

Cha tatu ni kutazama kimiminika kinachotoka, ukikikinga kwenye chombo kinachopenya mwanga. Mapovu yanaweza kutoka kwenye diaframu iliyotoboka au kwenye bomba la kuvuta linaloingiza hewa. Ili kutofautisha, toa bomba la kuvuta na uweke hosi fupi nzima moja kwa moja kwenye ndoo. Mapovu yakiisha, tatizo liko kwenye bomba, viungio au valvu ya mguu (iliyo mwisho wa chini wa bomba la kuvuta).

Baada ya hapo ndipo ufungue. Funga hewa, chomoa hosi ya hewa, toa presha upande wa kutolea, suuza pampu kwa kimiminika kinachoafikiana na kile kilichokuwemo. Kama diaframu imetoboka, kemikali imeshaingia kwenye sehemu ya kati na itamwagika usipotarajia. Vaa miwani, glavu na aproni zinazofaa kemikali hiyo. Na jambo moja lisilo na mjadala: pampu yenye mwili wa alumini haisafishwi wala haitumiwi na viyeyusho vyenye klorini au halojeni nyingine, kama methilini kloridi au trikloroethani. Alumini na viyeyusho hivyo vinaweza kuingiliana hadi mlipuko ndani ya pampu iliyofungwa.

Dalili: kimiminika kinatoka kwenye eksozi ya hewa

Diaframu moja au zote mbili zimetoboka, au sahani imelegea na kimiminika kinapita kwenye tundu la katikati. Unahitaji seti ya upande wa kimiminika. Badilisha diaframu zote mbili hata kama moja inaonekana nzima. Zimepiga idadi ileile ya mapigo na zimeoga kemikali ileile.

Usiishie hapo. Kimiminika kilichopita kwenye diaframu kimepita pia kwenye valvu ya hewa. Kama kilikuwa maji safi, kufua spuli na kuipaka grisi upya kunaweza kutosha. Kama kilikuwa rangi, gundi, asidi au tope, agiza na seti ya upande wa hewa pamoja. Sili za spuli zilizolowa kiyeyusho huvimba, spuli inakwama, na pampu inakufa siku chache baada ya kufungwa diaframu mpya. Watu wengi hapo huamini wameuziwa diaframu mbovu.

Sababu ambayo husahaulika ni presha upande wa kuvuta. Pampu ikiwa chini ya tangi refu, kimiminika huisukuma diaframu kabla hewa haijafanya hivyo. Miongozo mingi huweka kikomo cha kati ya bari 0.7 na bari 1 kwenye mlango wa kuvuta. Kimiminika kizito mara 1.5 kuliko maji, kikiwa mita 8 juu ya pampu, kinaleta karibu bari 1.2. Diaframu ya aina yoyote itapasuka mapema mahali hapo, kwa hiyo punguza presha ya kuingia kabla ya kununua seti ya pili.

Dalili: pampu inapiga, kimiminika hakiji au kinakuja kidogo

Gololi, vikalio, au hewa kwenye bomba la kuvuta. Fungua manifoldi ya juu na ya chini uangalie. Uchafu ulioshika gololi moja juu ya kikalio unatosha kuua uvutaji wote, na dawa yake ni kusafisha tu. Kama hakuna uchafu, pima gololi kwa kalipa katika pande tatu au nne. Gololi iliyoliwa na mchanga huwa na kipenyo pungufu na haiko duara tena. Iliyovimba kwa kemikali huwa na kipenyo zaidi, hukwama kwenye kizimba chake (nafasi inamopanda na kushuka), na pampu hupiga upande mmoja haraka na upande wa pili taratibu.

Kikalio chenye mfereji mmoja mwembamba uliochongwa kutoka ndani kwenda nje kimekatwa na kimiminika chenye chembe kilichokuwa kikipita kwa kasi. Gololi mpya juu ya kikalio hicho haitaziba. Vibadilishe pamoja daima.

Gololi pia zinaweza kuwa nzima lakini zisizofaa kazi. Kwenye kimiminika kizito sana, gololi nyepesi ya mpira au plastiki hushuka polepole na kimiminika hurudi nyuma kabla haijakaa. Chagua gololi nzito, kwa mfano za chuma cha pua, kama kemikali inaruhusu, na upunguze kasi ya mapigo. Kimiminika kikiwa na chembe kali ndogondogo zinazosaga, gololi za mpira au poliurethani hudumu kuliko ngumu, kwa sababu hubonyea na kurudi. Vitu virefu kama nyuzi au vipande vya matambara havitaki gololi kabisa. Kwa vitu hivyo hutengenezwa pampu za valvu za ulimi, na seti yake ni tofauti kabisa na ya gololi.

Dalili: pampu haianzi, inasimama katikati, au hewa inapuliza mfululizo

Huu ni upande wa hewa, lakini usiagize seti kabla ya kuondoa mambo mawili. Toa eksozi kisha uijaribu pampu kwa muda mfupi, ukiwa umevaa kinga ya masikio na ya macho. Ikiamka, eksozi imeziba. Pili, angalia kama inasimama baada ya dakika kadhaa za kazi kisha inaanza yenyewe ikipumzishwa. Hilo ni barafu: hewa inayotoka kwa kasi hupoa ghafla na unyevu ulio ndani yake huganda kwenye njia ya kutokea. Dawa yake ni hewa kavu, presha ndogo zaidi, au pampu kubwa inayopiga taratibu.

Yakiondoka hayo mawili, fungua valvu kuu. Spuli inapaswa kuteleza kwa kidole bila kukwama na bila kulegea ovyo. Uteute wa kahawia ni oili ya kompresa iliyoungua. Valvu nyingi za sasa zimeundwa kufanya kazi bila oili. Kuongeza kilainishi kwenye hewa huosha grisi ya kiwandani na huvimbisha sili. Safisha, kausha, angalia ukuta wa tundu ambamo spuli hutembea. Kama ukuta ni laini, seti ya sili inatosha. Kama una mikwaruzo inayoshikika kwa ukucha, sili mpya zitakatika ndani ya muda mfupi, na kinachohitajika ni valvu nzima yenye nyumba yake.

Shafti nayo ipitishe kidole. Mikwaruzo kwenye shafti hula sili zake, hewa inapita kutoka chemba moja hadi nyingine, na pampu inapoteza nguvu bila dalili yoyote kwenye valvu kuu.

Dalili: inavuja kwenye maungio ya nje

Kabla ya kununua chochote, kaza bolti upya kwa kipimo cha mwongozo, pampu ikiwa imepoa na haina presha. PTFE hutiririka taratibu ikibanwa: unene wake hupungua na bolti hubaki zimelegea bila mtu kuzigusa. Pampu yenye oringi au diaframu za PTFE inahitaji kukazwa tena baada ya saa 24 za kwanza na baada ya kupitisha kimiminika cha moto kwa mara ya kwanza. Ikiendelea kuvuja, oringi za manifoldi zimekwisha. Oringi ya PTFE iliyokwisha kubanwa hairudi umbo lake, kwa hiyo ukiifungua usiirudishe.

Kusoma kidonda cha diaframu

Hapa ndipo uamuzi wa aina ya mpira unapotoka. Weka diaframu zote mbili mezani, upande wa kimiminika ukiangalia juu, karibu na mpya au na mchoro wake.

Diaframu iliyovimba, laini, inayonata, ambayo matundu yake hayakutani tena na bolti, imeliwa na kemikali. Usirudie mpira huo hata kama namba ya seti inalingana.

Iliyokauka, ngumu, yenye nyufa ndogo nyingi juu ya uso, imepata joto kupita kikomo chake, au imeshambuliwa na kioksidishaji kama klorini, au ilizeeka ghalani kabla ya kufungwa.

Mpasuko wa mviringo unaofuata ukingo wa sahani una sababu kadhaa. Mpira mwingine ukiwa mzima na unanyumbulika vizuri, huenda diaframu imemaliza maisha yake ya kawaida, na hapo seti ileile inafaa. Ikiwa umri wake ni mdogo, tafuta ncha kali kwenye ukingo wa sahani, sahani iliyogeuzwa, presha ya kuvuta iliyozidi, au pampu kukimbizwa kavu kwa hewa kali kwa muda mrefu.

Tundu moja lenye alama ya kugongwa limetokana na kitu kigumu kilichobanwa kati ya diaframu na ukuta wa chemba. Kwenye matope hutokea pampu ikizimwa bila kusuuzwa: mchanga unatulia chini, na pigo la kwanza la asubuhi linaisukuma diaframu juu yake.

Tundu la katikati lililovutika na kuwa yai linaonyesha sahani iliyolegea. Diaframu mpya ya aina yoyote itafuata njia hiyo kama sahani hazikukazwa kwa kipimo.

PTFE yenye mistari myeupe ya mikunjo na vitobo vidogo kwenye mistari hiyo imechoka kukunjwa, au ilikunjwa ikihifadhiwa. Angalia na diaframu ya mpira iliyo nyuma yake: kama imevimba huku PTFE haina tundu la kuonekana, mvuke wa kemikali umepenya. Chagua mpira wa nyuma unaoweza kuhimili kemikali hiyo.

Sasa igeuze. Kama upande wa kimiminika ni mzuri na upande wa hewa ndio uliovimba, mkosaji ni oili inayokuja na hewa ya kompresa. Hili huwapata sana wenye diaframu za EPDM na Santoprene (aina mbili za mpira zitakazoelezwa hapa chini), ambazo haziafikiani na oili za petroli. Kimiminika kinafaa kabisa, seti ni sahihi, na bado diaframu inakufa kutoka nyuma. Tibu hewa kwa filta ya kutenga oili.

Kuchagua mpira

Ukishajua kilichoua, chagua kwa kemikali kwanza, joto la pili, uchakavu wa tatu. Digrii zilizotajwa ni zile zinazochapishwa mara nyingi kwenye miongozo. Pampu yako inaweza kuwa na kikomo cha chini zaidi, na kikomo cha chini kabisa kati ya vipuri vyote na mwili wa pampu ndicho kinachotawala. Diaframu inayohimili nyuzi joto 138 haina faida kwenye mwili wa polipropilini unaokoma karibu na 79.

NBR, yaani nitraili, ni ya oili, dizeli, petroli ya kawaida na vilainishi, hadi takriban nyuzi 82. Huharibiwa na asetoni na ketoni nyingine, na esta. Neopreni, hadi takriban 93, ni ya kazi za jumla: maji, tope, vimiminika visivyo vikali, bei yake ni nafuu na hunyumbulika kwa muda mrefu. EPDM, hadi takriban 138, ni ya maji ya moto, soda kali (sodiamu hidroksidi), asidi zilizozimuliwa na ketoni. Oili yoyote ya petroli huivimbisha haraka. Santoprene ina tabia inayokaribiana na EPDM kwa asidi na alkali, hudumu sana kwenye kukunjwa, nayo haitaki oili wala viyeyusho vya petroli.

FKM, inayojulikana sana kwa jina la Viton, hufika takriban 177. Hushinda kwenye tolueni, zailini, hidrokaboni na asidi nyingi kali. Bei yake kubwa huwafanya watu waamini inahimili kila kitu, na imani hiyo huwagharimu: asetoni, MEK (methili ethili ketoni), ethili asetati, amonia, amini na soda kali ya moto huiharibu. Mtu akitoka NBR iliyovimba kwa asetoni akakimbilia FKM, amelipa zaidi kwa matokeo yaleyale. EPDM au PTFE ndiyo ingemfaa.

PTFE huhimili karibu kila kemikali ya kiwandani, kati ya nyuzi 4 na 104 hivi. Lakini ni ngumu, haijinyooshi kama mpira, na maisha yake ya kukunjwa ni mafupi. Pampu yenye diaframu za PTFE hupoteza pia sehemu ya uwezo wa kuvuta ikiwa kavu, kwa sababu mwendo wa diaframu ni mfupi na gololi ngumu haizibi vizuri bila kulowa. Ukibadilisha kutoka mpira kwenda PTFE na pampu ikashindwa kuvuta kutoka kwenye pipa ambalo ilikuwa ikilivuta jana, seti haina kasoro. Jaza bomba la kuvuta, au shusha pampu karibu na kimiminika. Na usiitumie PTFE kwenye tope la mchanga kwa sababu tu kemikali haijulikani. Chembe huiua haraka.

Kemikali isipoonekana kwenye jedwali la mtengenezaji, au ikiwa ni mchanganyiko, fanya jaribio. Kata kipande cha mpira unaojulikana, pima unene na uzito wake, kiache ndani ya kimiminika chenyewe kwa wiki nzima kwenye joto la kazi, kisha pima tena. Kikiongezeka kwa zaidi ya asilimia 10, au kikiwa laini au kigumu kuliko mwanzo, usikitumie kwenye diaframu. Angalia gololi, vikalio na oringi kwa jicho hilohilo. Seti yenye diaframu za EPDM na oringi za NBR inawezekana kabisa, na oringi ndiyo itakayovuja kwanza.

Kwa chakula na vinywaji, mpira lazima uwe na uthibitisho wa kugusa chakula, kama FDA 21 CFR 177.2600 ya Marekani au kanuni ya Umoja wa Ulaya EC 1935/2004. Rangi nyeupe peke yake si uthibitisho. Mahali penye mvuke unaowaka, pampu huunganishwa ardhini na vipuri vya plastiki huwa vya aina inayopitisha umeme. Usichanganye na vya kawaida kwa sababu tu vinaingia.

Bamba la namba, na pale lisipokuwepo

Namba ya modeli kwa kawaida hubeba kila kitu kwa mpangilio: ukubwa, mwili, sehemu ya kati, vikalio, gololi, diaframu. Iandike yote, pamoja na namba ya mfululizo na herufi za mwishoni. Herufi hizo hutenganisha vizazi vya valvu ya hewa, na seti ya hewa ya kizazi kimoja mara nyingi haiingii kwenye kingine hata kama pampu zinafanana kwa nje. Pampu ya chuma na ya plastiki za inchi moja kutoka kiwanda kimoja zinaweza kuwa na diaframu tofauti. Iliyofungwa kwa bolti na iliyofungwa kwa mkanda wa kubana ni tofauti pia. Nyuzi za mlango, ziwe za kiwango cha BSP au NPT, hazibadilishi seti. Kumbuka kwamba bamba hueleza pampu ilivyotoka kiwandani. Kama mtu alishabadilisha mpira baadaye, ndani kuna kitu kingine.

Bamba likiwa limefutika, pima haya na uyapeleke kwa muuzaji pamoja na picha ya sehemu ya kati:
- kipenyo cha mfereji wa diaframu kwenye chemba, na idadi ya matundu ya bolti
- kipenyo cha tundu la katikati la diaframu
- kipenyo cha ndani cha kizimba cha gololi, na kipenyo cha gololi
- kipenyo cha nje na urefu wa kikalio
- urefu na kipenyo cha shafti, na aina ya nyuzi zake

Usipime diaframu au gololi iliyovimba. Vipimo vya chemba na kizimba havidanganyi. Rangi za nukta kwenye mpira nazo zisikuongoze, kwa kuwa kila mtengenezaji ana zake.

Kagua na tarehe ya kutengenezwa kwa mpira. Kiwango cha kimataifa cha ISO 2230 huipa NBR na neopreni miaka 7 ya kuhifadhiwa, EPDM na FKM miaka 10, ikiwa zimewekwa mahali penye ubaridi, pasipo na jua, mbali na mota za umeme zinazotoa ozoni.

Wakati wa kufunga

Diaframu nyingi zimeandikwa upande wa hewa. Maandishi hayo yatazame katikati ya pampu. Kaza sahani kwa spana ya kipimo. Matundu yasipokutana na ya chemba, endelea kukaza kidogo hadi yakutane, usilegeze. Grisi ya petroli isiguse sili za EPDM. Tumia ya silikoni. Bolti za chemba zikazwe kwa mpangilio wa msalaba, kwa awamu mbili au tatu, na kwenye pampu za plastiki usizidishe hata kidogo.

Anza kwa hewa ya bari 1 hadi 2, valvu ya kutolea ikiwa wazi, hadi hewa yote iishe kwenye kimiminika. Kisha rudia kipimo cha kufunga valvu ya kutolea.

Pampu zenye oili

Kwenye pampu za pistoni na diaframu, oili ikigeuka nyeupe ya maziwa, diaframu imepasuka na maji yameingia kwenye oili. Zima mara moja, kwa sababu beringi zitapata kutu. Hesabu diaframu zote za pampu, 2, 3 au zaidi, na ununue zote, pamoja na oringi za valvu. Oili ikipungua bila kubadilika rangi, angalia kwanza sili za shafti. Geji ikitetemeka sana huku oili ikiwa safi, tatizo linaweza kuwa diaframu ya chemba ya kutuliza mapigo au hewa yake, na diaframu hiyo huwa na namba yake tofauti. Baada ya kubadilisha, suuza sehemu ya oili hadi weupe uishe, jaza oili mpya, zungusha shafti kwa mkono ili hewa iliyo nyuma ya diaframu itoke, ongeza oili hadi alama, kisha endesha bila presha kwa dakika chache na uongeze tena kama imeshuka.